Tulimsindikiza Koko kama bibi arusi

Mama,

Nimeolewa! Acha nianze na hilo, maana natafuta mtu wa kumwambia na wote walikuwepo, wote waliona. Wewe tu hukuona. Bwana yangu anaitwa Kambale. Ni déclarant kule Kasindi, anawasaidia wafanyabiashara kupitisha mizigo yao mpakani. Akiingia mlangoni jioni, vumbi la malori limemjaa hadi kwenye kope, moyo wangu unavimba kama mandazi yako yalivyokuwa yakivimba ndani ya mafuta. Ungempenda, Mama. Ungemjazia sombe sahani nzima mpaka akuombe huruma.

Kanisani tuliacha kiti chako wazi, kando ya mama yako, Koko. Nilipopita na shela yangu, Koko aliweka mkono juu ya kile kiti akaniuliza kwa sauti ambayo hata padri aliisikia: "Mama yako anakawia wapi?"

Hilo ndilo lililobadilika zaidi. Mama yako amesahau kwamba ulikufa. Mwanzoni nilikuwa namwambia ukweli, na kila mara alilia upya, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Nikaacha. Sasa nasema tu, "Anakuja, Koko." Nasema hivyo nikiwa napika au nafua, halafu mimi mwenyewe nageuka kuutazama mlango.

Baada ya harusi tulimtoa katika nyumba yetu ya Mulekera, tukaenda naye Kasindi. Kambale hakunung'unika hata siku moja. Koko alimvutia kiti karibu yake akaniambia, "Uyu bwana ni yetu wawili. Miye ndiyo bibi mukubwa, weye unafuata nyuma." Basi Kambale akawa anampelekea chai yeye kwanza, anainama kabisa: "Karibu, bibi mukubwa." Mama, niliwatazama wale wawili wakichekeana nikaona nina kila kitu duniani, ila mtu mmoja.

Lakini Koko alianza kutafuta shamba lake. Lile la Mutwanga, tulilolikimbia vita vilipofika. Alikuwa anachukua jembe na kutoka, na mimi namkuta njiani. Asubuhi moja nilikwenda kuchota maji, niliporudi hayupo. Mwanamume mmoja anayebadilisha pesa kando ya barabara ndiye aliyemkuta, amesimama katikati ya malori, jembe begani, anamgombeza dereva kwamba anakanyaga maharagi yake. Dereva anapiga honi, Koko hasogei. Walimleta kwangu akiwa bado na hasira.

Tulijaribu kufunga mlango. Aligonga mpaka ngumi zikamvimba. Sikuweza, Mama. Huyo ndiye aliyenibeba mgongoni tulipokimbia.

Mama Kavira, mdogo wako, nilipompigia simu Butembo kumuuliza kama atamchukua Koko, alisema: "Masika, miye niko sokoni kutwa, nitamuangalia na macho gani? Lakini ukimutia kwa nyumba ya bazee, batu batasema tumemutupa." Akalia. Nikalia.

Tulikwenda Butembo mimi na Kambale, tukatazama nyumba za wazee. Nyumba ya kwanza ilikuwa safi sana, sakafu inang'aa, wazee wamekaa mstari mmoja mbele ya televisheni, mikono juu ya magoti. Kambale aliniambia sikioni, "Bibi mukubwa atakufa hapa kwa kukaa." Nyumba ya pili ni ya masista, juu kilimani. Ina ua wenye geti, bustani ya maharagi ndani yake, na vikongwe wamezunguka karai wakimenya viazi na kubishana kwa Kinande. Hakuna aliyetusalimu, walikuwa wanamsimanga mmoja wao kwamba anakata viazi vinene. Nikaminya mkono wa Kambale. Hapa.

Basi tulimleta Koko, na nguo zake ndani ya mfuko wa plastiki. Alifika getini akasimama. Alitazama mfuko, akanitazama mimi. "Miye siingiaki kwa batu mikono butupu. Hata kuku hamuna? Munanipeleka kwa bwana gani bila nyimbo?"

Tulimbembeleza. Sista alimbembeleza. Koko alikaa chini nje ya geti, akajifunika kitenge kichwani.

Ndipo nikaona tulichokosea. Mimi juzi tu niliondoka nyumbani na mashangazi wakiimba mbele na nyuma, na mkeka, na kikapu, na jembe jipya. Maisha yake yote Koko anajua njia mbili tu za kuhama nyumba. Moja ni kukimbia. Nyingine ni kuolewa. Na sisi tulimleta kama mkimbizi.

Tulilala kwa Mama Kavira. Kesho yake aliwaita wenzake wa sokoni, akafunga meza yake. Tulipanda kilima tukiimba, Koko katikati, kitenge kipya, mafuta usoni. Kambale alibeba mkeka kichwani, mimi kikapu cha maharagi ambayo hayajapukuchuliwa, Mama Kavira kuku. Jembe Koko alilibeba mwenyewe. Sista alipokea kuku kwa mikono miwili, akasema walikuwa wanamngojea. Na kikongwe mmoja akapaza sauti kutoka kwenye karai: "Bibi arusi, ikala chini! Maharagi iko inakungoja, haukukuja kulala!"

Koko alicheka, Mama. Alivuka geti, akaketi, akaanza kupukuchua.

Tulipokuwa tunaondoka aliita, "Kahindo!" Niligeuka kutazama anayeitwa. Jina lako. Nilikuwa nimevaa kitenge chako cha kijani. "Kahindo, usikawie."

"Sitakawia, Mama," nikamjibu.

Sasa tuko wawili Kasindi. Kambale bado anamimina chai vikombe vitatu, halafu anakumbuka. Ananipenda, ananipenda sana, lakini hakukujua, na Koko anayekujua ananiita kwa jina lako. Hakuna tena mtu wa kunikumbusha Masika alivyokuwa mdogo. Nikilala kifuani pa bwana yangu, kuna mahali ndani yangu pasipojaa.

Lakini nakuahidi. Kila nitakapopanda kile kilima nitavaa kitenge chako, sitakwenda mikono mitupu, na Koko akiniita Kahindo nitaitika. Nawe, siku atakapofika huko, usimngoje ndani. Toka nje umpokee, na uwe unaimba.

Pumzika, Mama yangu.

Masika wako