Maziwa ya Mama Eliya

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Shikamoo yako imenikuta nimekaa tu, magoti hayataki tena kushuka kihambani kwenye migomba. Shangazi yako wa Shirimatunda hajambo. Babu yako anakohoa, ila anakula.

Unauliza kama urudie kupima ni jeni zipi zinafanya kazi kwenye majani ya kahawa. Yenye ugonjwa wa kutu uliyapima yote Jumatatu, mazima yote Alhamisi, na sasa hujui kama tofauti uliyoiona ni ya ugonjwa au ya siku. Mambo ya jeni siyajui. Nayajua maziwa.

Nilipokuwa msichana nilipima maziwa kituoni kwetu, watu walikoyaleta kuuza. Kipimo kilielea ndani ya maziwa; kikizama sana, tulisema yametiwa maji. Ya Mama Eliya, aliyekaa jirani kabisa na kituo, yalikizamisha kila asubuhi. Ya wale wa juu mlimani, waliotembea saa nzima kwenye baridi, hayakuwa na neno. Nikamkatalia mbele ya watu, siku baada ya siku, mpaka akaacha kuja.

Baadaye nilipima ya ng'ombe wetu mwenyewe, nimetoka tu kumkamua. Kipimo kikazama. Yalipopoa, kikapanda. Kumbe maziwa ya moto hudanganya kipimo, na ni ya Mama Eliya tu yaliyokuwa yakifika ya moto.

Mwanangu, nimechoka. Umesema majani mengine bado yapo kwenye friza. Mimi nilipofika kwa Mama Eliya, kipimo mkononi, nipime upya maziwa yake yakiwa yamepoa, zizi lilikuwa tupu.

Bibi yako