Pete Iliyochomelewa

Mpendwa Shangazi Jecinta,

Naomba msaada wako, na nakusihi uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujasema huyu mwanamke amejitakia, kwa sababu hata mimi nikijisikiliza naona ni jambo dogo, ni pete tu, lakini naandika kwa mkono wa kulia huku wa kushoto nimeuegemeza juu ya mto kwa maumivu, na mlango nimeutia komeo ingawa ni mchana na watoto wa majirani wanacheza hapo nje. Ukiichapisha gazetini, badilisha majina. Anwani yangu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Mimi ni mke wa ndoa ya kanisani, tuna binti mmoja, Kanyiva, na tunaishi Shauri Moyo. Mume wangu, Nzomo, ni dereva wa lori, hupakia mizigo Mombasa akaipeleka mpaka Rwanda, anaweza kukaa wiki nyingi bila kuonekana. Si mlevi, Shangazi, hilo niliseme mapema, wala sijawahi kusikia ana mwanamke huko barabarani. Ugonjwa wake ni mafumbo, yale ya kushika mkononi. Ana vyuma viwili vilivyopindwa vikashikana, na unatakiwa uvitenganishe bila kuvilazimisha, ana msalaba wa vijiti vya mbao vilivyoingiliana, ana kisanduku alichochongewa na Mkamba mwenzetu pale soko la Gikomba ambacho hakina ufunguo wala bawaba, mpaka ujue ni ubao gani wa kusukuma kwanza, na hata ule mchemraba wa rangi ambao siku hizi kila kijana wa Nairobi anauzungusha akingoja basi, yeye alikuwa nao wa kwanza mtaani kwetu. Anavipanga juu ya kabati na hakuna ruhusa ya kuvigusa. Wageni wakija anawapa wahangaike navyo, wakishindwa anavichukua na kuvifungua mbele yao polepole, na hiyo ndiyo raha yake kuu.

Sasa pete. Siku ya harusi alinivisha pete ya fedha aliyoinunua kwa baharia mmoja bandarini. Si pete moja, ni vipete vinne vyembamba vilivyosukwa vikakaa pamoja, ukiitazama unaona fundo moja zuri. Akaniambia mbele ya dada yangu Nzilani, huku anacheka, "Hii ukiivua inasambaratika, na hakuna wa kuirudisha ila mimi. Huko ilikotoka, wanaume wanaosafiri ndiyo wanayowavisha wake zao." Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini tangu siku hiyo, kila akirudi safari, kabla hajauliza habari ya mtoto anaushika mkono wangu wa kushoto na kuugeuza kwenye mwanga wa dirisha.

Siku moja nilikuwa nafua pale mferejini, sabuni imejaa mikononi, pete ikateleza ikaanguka ndani ya karai, na nilipoitoa vilikuwa vipete vinne vinaning'inia kama mnyororo. Moyo ulinipasuka. Jirani yangu Wacera akaniambia nimpelekee fundi wa saa, lakini nikawaza, watu wakiniona nimekaa kibandani kwa mwanamume ameshika pete yangu ya ndoa, Nzomo atasikia kabla hajafika Athi River. Basi nikajifungia ndani nikaanza kuihangaikia mwenyewe. Mimi nimesuka viondo tangu nikiwa msichana kwetu Machakos, na nilipoacha kulia na kuanza kutazama, nikaona vile vipete vinapishana kama nyuzi, kimoja kinapita juu ya mwenzake kisha kinapiga magoti, na ukivishika viwili kwa kidole gumba hivyo vingine vinajileta vyenyewe. Ilipokaa nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Na hapo, Shangazi, ndipo nilipokosea, kama ni kosa. Nilipenda. Niliivua tena nione kama nitaweza tena, nikaweza. Baadaye nikaanza kuvishusha vile vya kabatini, kimoja kimoja, Kanyiva akiwa amelala, nikavifungua vyote na kuvirudisha kama vilivyokuwa. Sikumwambia mume wangu. Nilijua raha yake ni kuwa yeye peke yake ndiye anayeweza.

Mwezi huu alikuwa nyumbani, tukawakaribisha wageni chakula cha mchana baada ya kanisa, akiwemo Johnson, dereva mwenzake. Walipomaliza kuhangaika na vile vyuma, Nzomo akasema atawaonyesha kubwa lao. Akanivua pete yeye mwenyewe, akaitikisa ikafunguka, akaanza kuirudisha. Ikakataa. Nadhani tangu harusi hakuwahi kuijaribu tena. Alijaribu mpaka jasho likamtoka, na Johnson akawa anapiga paja, "Leo umepatikana, bwana! Leo umepatikana!"

Nilimwonea huruma. Haki ya Mungu ilikuwa huruma, si kiburi. Nikanyoosha mkono nikasema, "Lete, Baba Kanyiva," na chai haijapoa pete ikawa imekaa. Wageni wakapiga makofi. Johnson akasema, "Kumbe dereva wa nyumba hii ndiye huyu!" Nzomo naye alitabasamu, akawasindikiza wageni mpaka barabarani, akarudi, akanawa mikono, akaniuliza bila kunitazama, "Umeivua mara ngapi?"

Nikamwambia ukweli, sijui, nyingi, nilikuwa najifunza.

"Ulikuwa unaivua ukienda kwa nani?"

"Kwa nani tena, Baba Kanyiva? Nilikuwa hapa hapa na mtoto."

Akasema, "Mtu hajifunzi kufungua kufuli kama hana pa kwenda."

Akaichukua pete akatoka. Jioni ile alirudi nayo, na sikuitambua. Alikuwa ameipeleka kwa fundi wa mabati ikachomelewa kwa moto, vile vipete vinne vimekuwa donge moja jeusi, na ndani imekuwa nyembamba kuliko zamani. Akautia mkono wangu kwenye beseni la sabuni akaanza kuisukuma pete kidoleni. Nilipiga kelele, Kanyiva naye akalia amenishika gauni, yeye hakupandisha sauti hata kidogo, akasukuma mpaka ikapita kwenye kifundo. Kisha akaniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayekueleza njia, "Siku pete hii ikitoka, na wewe utoke. Mtoto atabaki." Alfajiri akaondoka na lori.

Hajawahi kunipiga, Shangazi. Ninachokiogopa ni ule upole. Tangu aondoke kidole kimevimba mpaka pete imezama ndani ya nyama, sasa kimekuwa cheusi kinang'aa kama biringanya, na leo nimekichoma kwa sindano ya kushonea sikusikia kitu. Wacera amenililia niende hospitali wakaikate. Lakini ikikatwa, nitamwonyesha nini akirudi? Kila lori likipunguza mwendo barabarani najikuta nimesimama katikati ya nyumba. Niambie, nichague kidole au nichague nyumba yangu na mtoto wangu?

Ni mimi, Mama Kanyiva,
Shauri Moyo.

---

Mama Kanyiva, binti yangu,

Majina nimeyabadilisha ulivyoomba. Wasomaji wetu nao waelewe kwamba barua hii sikuiweka kwenye rundo ingoje zamu yake gazetini. Kidole cheusi hakingoji gazeti. Nilipofika pale kwenye sindano niliikunja, nikamwita Roseline wa hapa ofisini, nikampa anwani yako na maneno machache, uende hospitali sasa hivi ukakatwe pete hiyo, na usimngoje mtu.

Roseline ameniambia ulimfungulia mlango ufa tu, ukamwuliza, "Na Baba Kanyiva akiuliza ni nani aliyeniruhusu?" Akakujibu, "Mwambie ni Shangazi." Amekujibu vizuri, na leo nalirudia mbele ya Kenya nzima: ni mimi. Wacera akabaki na mtoto, wewe na Roseline mkaenda. Muuguzi aliikata kwa kimsumeno kidogo huku wewe umemng'ang'ania Roseline begani, na daktari akasema ungechelewa kidogo tu kidole kingekatwa pamoja na pete. Kimenusurika, lakini ncha yake bado haina hisia na pengine hazitarudi. Mungu ashukuriwe kwa kilichobaki.

Sasa nikugombeze. Sikugombezi kwa kuivua pete. Pete huvuliwa, wanawake wanafua, wanakanda unga, wanashika mimba, vidole vinavimba. Wala sikugombezi kwa kujifunza kuirudisha. Nimecheka kwa furaha niliposoma ulivyocheka peke yako. Ninakugombeza kwa kukaa nyuma ya komeo ukikitazama kidole chako kinakufa, kwa sababu ya mtu aliyekuwa mbali safarini. Eti nichague kidole au nyumba! Leo ni kidole. Ungekitoa hicho, angetaka kingine. Nyumba gani hiyo inayojengwa kwa viungo vya mwenyewe?

Na usiniandikie tena kwamba hajawahi kukupiga. Kuukamata mkono wa mtu na kusukuma chuma huku analia, mtoto anaona, wewe unakuita nini? Ngumi si lazima ikunjwe.

Dada yako Nzilani amenipigia simu baada ya wewe kuhamia kwake Donholm, na najua yaliyofuata. Nzomo alirudi, akakuta kufuli mlangoni, akaenda mpaka kwa Nzilani. Hakufanya fujo. Aliomba kuuona mkono wako, ukamtolea dirishani kwenye nondo, umefungwa bendeji, akakaa kwenye ngazi ameinamisha kichwa. Kisha akasema, "Sikujua itafika hivi." Na sasa kila jioni anakuja na maziwa ya mtoto, anakuomba mrudi nyumbani, na Nzilani anasema umeanza kukunja nguo.

Zikunjue.

Ninamwamini kwamba hakujua kidole kitakuwa cheusi. Lakini kilio chako alikisikia, nacho hakikuhitaji daktari wa kukieleza. Bwana Nzomo, kama gazeti hili limekufikia huko kwenye lori lako, nisikilize na wewe. Ulimvisha mke wako fumbo ukitumaini ni mjinga. Alipokuonyesha kwamba si mjinga, akakuokoa na aibu mbele ya wenzako, ukamwona mzinzi. Hukuwa na shahidi, hukuwa na fununu, ulikuwa na kicheko cha Johnson tu masikioni. Hofu yako ya barabarani uliileta nyumbani ukamvisha mwanamke kidoleni. Mwanamume akiogopa husema "naogopa." Haendi kwa fundi wa mabati.

Mama Kanyiva, narudi kwako. Hurudi wiki hii, wala mwezi huu, kwa maziwa. Kaa kwa dada yako. Waiteni wasimamizi wenu wa harusi pamoja na mzee mmoja wa kanisa mnayemheshimu wote wawili, wakae na Nzomo nawe ukiwepo, ueleze mwenyewe, kuanzia beseni la sabuni, usiruke kitu. Usikubali kikao kifanyike Nzilani asipokuwepo. Neno alilolitamka kuhusu mtoto alifute mbele yao wote, kwa mdomo wake, ajue kwamba mtoto hachukuliwi kwa kutamka, kuna wazee na kuna korti. Na Kanyiva aliona kila kitu, kwa hiyo msamaha auombe Kanyiva akiwepo. Akiona haya kufanya hivyo, bado hajawa tayari kuishi nanyi.

Akikuuliza tena uliivua ukienda kwa nani, usimjibu. Umeshamjibu mara moja, yatosha. Mwanamke anayejibu swali hilo kila siku atalijibu mpaka uzeeni.

Pengine atabadilika. Nimewaona waliobadilika, na nimewaona waliolia kwenye ngazi kisha wakarudia. Sijui huyu wako ni yupi, na wewe pia bado hujui, ndiyo maana nakwambia ungoje mahali ambapo kuna mtu wa kusikia ukiita.

Jumatatu una miadi ya kubadilishwa bendeji. Daktari atataka kujua kilichotokea. Usimwambie uliumia ukifua. Mwambie ilivyokuwa, aandike. Nenda na Nzilani, Kanyiva mwacheni kwa Wacera, na Nzomo akijitolea kuwapeleka kwa lori, mshukuruni, mpande basi.

Shangazi Jecinta