Bastola ya Bwana Brevete

Shangazi Anastasia mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi shemegi yangu anakuja na mimi sijui nimfungulie mlango au nijifanye nimelala.

Nakaa Barking, hapa London. Mume wangu Talib alifariki wiki sita zilizopita, bado niko eda, kwa hiyo sitoki, nashinda ndani na vitu vyake, na juzi nilipokuwa nafuta vumbi cherehani yake, ile aliyotoka nayo Unguja mwaka mmoja baada ya Mapinduzi, nilifungua kisanduku cha chini nikaikuta bastola, na sitakudanganya Shangazi, nilijua ipo, kwa sababu kila Idi alikuwa anaitoa na kuisugua kwa dawa ya meno mpaka ing'ae, harufu ya mnanaa inachanganyika na ya biriani, huku anatuhadithia jinsi baba yake alivyoipata kutoka kwa Mbelgiji mmoja, Bwana Brevete, ambaye jina lake limechongwa ubavuni, BREVETE, mtu asibishe. Mwaka tuliooana Bwana Brevete alikuwa mkaguzi wa karafuu. Tulipompata binti yetu Salha alikuwa amekuwa jemadari. Idi iliyopita alikuwa binamu wa mfalme, na mimi nikacheka ndani ya mtandio nisimvunje moyo.

Ni ndogo, inaenea kiganjani. Mtutuni kuna namba 22, kifyatulio chake kinakunjwa kama kisu cha mfukoni, na kuna herufi ELG ndani ya duara la umbo la yai.

Sasa mdogo wake marehemu, Nizar, alikuja kunijulia hali, akaiona, akaruka. “Shemegi, hii mali ya kifalme! Na mimi asaba, mrithi wa kinachobaki, nina fungu langu.” Nikamwuliza tutaigawaje kitu kimoja. Akasema, “Rahisi. Wewe una thumni, chukua mpini. Salha ana nusu, achukue mtutu. Mimi nitabaki na kifyatulio.” Kisha akaacha mzaha, akasema Jumamosi kuna maonyesho ya vitu vya kale Woolwich, ataitia ndani ya mfuko wa sokoni, juu yake vitunguu, apande treni akaipimishe bei. “Nani atamshuku mzee mwenye vitunguu?”

Salha amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, na alichojibu ni miaka mitano gerezani, nami Kiingereza hicho nilikielewa mara moja. Nizar akamcheka. “Tundu lenyewe halipitishi hata punje ya choroko! Sheria ni ya bunduki za watu wazima.”

Mimi ningekwenda polisi, lakini mwenye eda atatokaje, na atakaaje na wanaume asiowajua? Na kumkatalia Nizar nashindwa, maana amebaki peke yake, na akibisha hodi, sauti yake ni ya Talib kabisa. Nimpe?

Mjane wa Barking

*

Mjane wangu, pole sana kwa msiba. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Usimpe. Miaka yote hiyo umepika biriani pembeni ya bastola bila wasiwasi, leo unaogopa mlango?

Maelezo yako nilimsomea Bwana Pradip wa Rayners Lane, ambaye ana leseni ya kuuza silaha za kale. Alicheka mpaka akavua miwani. Bwana Brevete hakuzaliwa, mama. Hilo ni neno la Kifaransa, maana yake ubunifu huo umesajiliwa. ELG ni muhuri wa waliokuwa wakizijaribu bastola katika mji wa Liège, Ubelgiji. Vibastola vya namna hiyo vilitengenezwa kwa wingi zamani, na wanunuzi wake wengi walikuwa waendesha baiskeli, wapate kutishia mbwa waliowakimbiza njiani. Bwana Pradip hawezi kuapa bila kuiona, lakini binamu wa mfalme hamwoni popote.

Na bei? Bei imeliwa na dawa ya meno. Wakusanyaji hutaka rangi ya kiwandani, na marehemu ameisugua kila Idi. Bwana Pradip alisema hata ikiuzwa kihalali haitapita bei ya cherehani, na cherehani inashona.

Huo udogo anaousifu Nizar ndio ubaya wenyewe. Ziko bastola za kale ambazo sheria ya hapa inazisamehe kwa sababu risasi zake hazipatikani tena. Risasi za 22 zinauzwa mpaka leo. Salha yuko sawa, na vitunguu havitamsaidia mtu.

Kuhusu eda, mimi ni Mkristo, kwa hiyo nilimpigia ustadhi mmoja. Amesema mwenye eda huruhusiwa kutoka kwa dharura, ila wewe huna haja hata ya kuvaa viatu. Polisi ndio watakaokuja. Usiibebe kuipeleka kituoni, usiifungue kutazama kama ina risasi, usiisugue kwa mara ya mwisho. Iache kisandukuni. Salha apige 101, namba ya polisi kwa mambo yasiyo ya dharura, aseme baba ameacha bastola ya zamani na mnaomba waje waichukue. Aombe askari wa kike. Jistiri, binti akae karibu yako, na mwulizeni askari kama inaweza kuhifadhiwa na mwenye leseni au makumbusho badala ya kuyeyushwa. Wakisema haiwezekani, iache iende. Daini stakabadhi.

Bwana Brevete polisi hawamtaki, baki naye. Idi ijayo mpandishe cheo wewe.

Tumebaki na Nizar. Sauti ni ya Talib, nakubali, lakini akili ni ya Nizar, na wewe uliolewa na yule mwingine. Jumamosi akibisha hodi mfungulie, mpe chai, umwonyeshe stakabadhi. Fungu lake la urithi katika vitu halali lipo, wala usimnyime. Habari ya mbwa mwambie wiki nyingine.

Gazeti hili linatoka Jumatano. Simu ipigwe leo, si kesho. Nizar akikasirika, mpe namba yangu. Mimi siko eda.