Barua Pepe Zetu Zinalala Chumbani kwa Baba

Katumba, Mpanda

Kaka yangu mpendwa Didace,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Aurélie. Natumaini u mzima huko Dar na kazi inakwenda. Huku mvua imekata, karanga tumeshang'oa, mahindi yanakauka shambani. Nikisema hatujambo wote nitakuwa nimedanganya, lakini ngoja nifike huko taratibu.

Najua utashangaa: karatasi, zama hizi? Simu zangu hupokei. Una kichwa kigumu kama baba yako, na usinune, ndiyo ukweli. Barua pepe nayo siwezi kukuandikia, kwa sababu baba ataisoma.

Ni hivi. Unaikumbuka ile kompyuta yake ya Linux, ule mfumo wa bure usio Windows, aliyoachiwa na chama cha wafuga nyuki wa Ugalla alipokuwa katibu. Nilipofungua steshenari hapa mbele ya nyumba nami nikapata yangu, Linux vilevile. Kwa vile mtandao wetu ni wa kusuasua, barua zote zikishashuka zinahifadhiwa ndani ya mashine ya baba. Fundi Heri akavuta waya kutoka chumbani kwake mpaka dukani, folda zikawa hizo hizo kwetu sote: anachosoma yeye nakiona, ninachosoma mimi anakiona. Ila alituonya tusizifungue wote kwa wakati mmoja, zitavurugika. Basi kabla ya kufungua, mtu anapiga hodi ukutani. Kama baba yumo ananiambia nisubiri, akimaliza ananikaribisha. Wateja wanatucheka kweli.

Barua uliyoniandikia baada ya Pasaka nilikuta imeshasomwa. Isiyofunguliwa huwa na herufi nene. Ile ilikuwa imeshafifia na mimi sijaigusa. Ndiyo ile uliyosema kwamba mtu aliyekuficha ugonjwa wa mama mpaka mama akazikwa si baba yako tena, na hata akifa usiitwe. Kaka, alisoma yote. Nilipompelekea uji aliusogeza kando. Baadaye akaniuliza kama Heri anaweza kuutoa ule waya, maana barua za watoto ni za watoto. Nilikwenda kulilia jikoni.

Simtetei. Wakati ule alisema usiambiwe, usije ukaacha mitihani, na sisi nyumbani tukanyamaza. Ndivyo tulivyo huku. Mgonjwa anafichwa kwa walio mbali eti wasihangaike, halafu wanakuja kuonyeshwa kaburi.

Sasa sikiliza. Baba anaumwa. Ini limeharibika, na daktari ametuambia turudi naye tumtunze nyumbani. Unajua maana yake. Amenikataza nisikwambie, anasema una kazi zako. Yaleyale! Nimekataa. Safari hii simfichi mtu, ndiyo maana barua hii nimempa Mwandu, yule dereva wa lori la mpunga, akukabidhi mkononi.

Kuna jambo jingine, na hili linanitesa kuliko ugonjwa wenyewe. Kwenye folda ya barua ambazo hazijatumwa, kila nikifungua nakuta mpya ya baba. Zote zimeandikwa "Mwanangu Didace," halafu basi. Chini hakuna kitu. Juzi alipiga hodi, nikamkaribisha, nikamsikia anabofya herufi moja moja, akaacha. Nilipofungua nikakuta jina lako tu, kaka.

Njoo. Kama hasira bado inakuzuia, basi andika, hata mstari mmoja, na umwandikie yeye. Mimi sitaifungua hata kama nitakuwa wa kwanza kuiona. Nitaiacha na herufi zake nene mpaka apige hodi, nimwambie karibu baba. Akishamaliza ndipo nitachungulia nione kama zimefifia.

Ila usikawie. Hodi yake siku hizi haisikiki vizuri. Nimeacha kuwasha redio dukani ili nisiikose.

Wasalimie wote wanaotufahamu huko. Mama Restituta, jirani yetu, anakusalimu na anakuombea. Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako akupendaye,
Aurélie