Kura Yangu Iko Molo

Jumatatu, 9 Machi
Nimefua mapema kabla mawingu hayajafunga. Nimepika chai ya watu wawili tena. Mtaro wa mbele ya ploti yetu ya kupanga bado uko wazi, pale pale mume wangu Kamau alipotumbukia Novemba akitoka kazini. Maji yalikuwa yamefunika barabara, hakuona ukingo. Watoto wa shule wanauruka kila asubuhi. Nataka ufunikwe kabla hajafa mwingine. Ni hilo tu.

Jumatano, 11 Machi
Ofisi ya jiji. Nilimuulizia meya. Kijana wa mapokezi akacheka, si kwa ubaya. Meya waliisha zamani, mathe. Siku hizi jiji lina bodi na meneja. Hao hatuwapigii kura. Gavana huteua wanabodi, wengine wakipendekezwa na vyama vya wakazi na wafanyabiashara, kisha bunge la kaunti huwapitisha. Bajeti ya mitaro nayo hupitia bunge hilo. Kwa hiyo nimwone mwakilishi wa wadi yetu. Huyo ndiye wa kura. Kamau alimwita diwani hadi mwisho.

Jumatatu, 16 Machi
Mheshimiwa, mwakilishi wetu wa wadi, alinipa pole. Kisha akauliza, "Mama, wewe unapigia kura wapi?" Nikasema Molo, kwetu.
"Basi mwambie wa Molo akufunikie."
Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Nimekasirika mpaka sasa. Nimeishi mtaa huu tangu binti yetu Wambui ananyonya.

Jumanne, 17 Machi
Lakini ni kweli. Tulijiandikisha nyumbani, kama karibu kila mtu wa ploti hii. Huku tuliona ni mahali pa kupanga tu. Siku ya kura Kamau alivaa shati jeupe, akabeba vitambulisho vyetu vyote viwili mfukoni, akasimama upande wa upepo ili nisipate baridi. Amezikwa huko. Kuhamisha kura ni kama kumwacha peke yake. Nimelia nikikata sukuma wiki.

Jumamosi, 21 Machi
Nimeongea na majirani kwenye mfereji tukichota maji. Mama Chebet akasema, "Kura yangu iko Bomet, inalinda mbuzi." Tukacheka sana. Baba Moraa akasema akihamisha, kwao watasema amepotea. Nikamuuliza Mama Chebet mtoto wake anaruka mtaro wa wapi, wa Bomet au huu.
Akafunga mfereji.

Jumanne, 24 Machi
Ofisi ya uchaguzi. Nimehamisha. Vidole, picha, basi. Nilipogeuka Mama Chebet alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, amejifunga leso ya kanisani. Baba Moraa pia, na mke wake. Hakuna aliyeniambia kwamba atakuja.

Ijumaa, 27 Machi
Habari zimefika. Mheshimiwa alisimamisha gari mbele ya ploti, akaniita kwa jina. Alitaka kujua tumehamisha wangapi. Sikumwambia. Nilimpeleka kwenye mtaro, nikamwonyesha ukingo. Alitazama ndani muda mrefu. Hakuahidi kitu. Nitamfuata kwenye kikao cha bajeti, na majirani zangu.

Jumapili, 29 Machi
Molo. Ukungu. Nimeng'oa magugu kwenye kaburi. Nimemwambia Kamau kwamba mwaka wa kura sitakuja, nitapigia kule alikoangukia. Kisha nimekaa naye kidogo.
Upepo ulikuwa mwingi. Kitambulisho nilikibeba mwenyewe, mfukoni mwa sweta.