Sahani ya Spiriti Tupu

Mdogo wangu wa damu,

Amani ya Mola iwe nawe na wote wa nyumbani kwako. Sisi tu wazima, ila goti langu hulalamika kila ninaposujudu.

Nimearifiwa kwamba Alhamisi hii utasimama mbele ya wataalamu, uwaonyeshe dawa "yako" ya makumbi ya nazi. Daftari la vipimo ulilolichukua mezani kwa binti yangu bila idhini lilieleza vyema: maji ya dafu hayakuua vijidudu, bali makumbi yaliyolowekwa katika spiriti yaliacha duara safi lisilo na vijidudu katika sahani ya maabara.

Wiki iliyofuata, binti yangu alitia spiriti tupu katika sahani nyingine. Duara likatokea vilevile. Kumbe muuaji ni spiriti. Makumbi hayakufanya lolote. Ukurasa huo hukuuiba, kwa kuwa ulikuwa haujaandikwa.

"Baba, tumpigie simu baba mdogo," alinisihi. "Wakipima spiriti tupu mbele ya watu, ataumbuka!"

"Nitamwandikia."

"Barua? Posta yenyewe siku kumi!"

"Najua, mwanangu. Niletee bahasha."

Akanitazama, kisha akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu ulipomwita mbele ya wakubwa wake "msafisha chupa".

Leo ni Jumatatu. Nimeswali, nikamwomba Mola anisamehe kwa barua hii. Sikumwomba aiharakishe.

Ni mimi kaka yako, nisiyekusahau katika dua.