Hondohondo wa Kingo Mbili

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wapwa zangu. Je, goti lako limepoa? Mimi ni mzima, ila mafua ya kiyoyozi cha ofisini hayajaniachia.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Idara yetu ya wanyamapori huhesabu ndege upande huu wa mto, na shirika la uhifadhi huhesabu ng'ambo. Miaka yote walifichana takwimu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mwaka huu wamekubali kugawana, nami ndiye niliyepewa kuziunganisha.

Kuna hondohondo wa aina adimu. Idara ilikuwa imemwona na kumpiga picha dume mmoja tu, tukadhani ndiye wa mwisho. Shirika nao wakaleta picha za wao mmoja, jinsia hawakuijua. Ofisi nzima ikashangilia. Mkuu wetu akatangaza kuwa kijana wake amepata mchumba, mama anayeongoza shirika akamjibu kwamba binti yake hatoki bila posa ya heshima. Nilicheka mpaka machozi.

Kisha nikaweka picha zao pamoja. Wote wana pengo lile lile mdomoni. Asubuhi yuko kwetu, jioni yuko kwao. Ni ndege mmoja, Dada. Kila upande ulimwona peke yake, na tulipogawana takwimu ukaamini mwenzake yuko ng'ambo. Nilipowaambia, mkuu alivua miwani akaifuta, akaifuta tena. Mama wa shirika aliniomba nitazame upya. Nikatazama.

Habari hiyo hainitoki akilini, na sababu naijua. Tangu mama atutoke, kila likizo nimekuambia nakwenda kwa kaka. Kaka naye nimemwambia nakuja kwako. Mliridhika wote wawili, maana hamsemezani tangu mazishi, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Niliogopa mmoja wenu aone nimechagua upande. Sikufika kwake, Dada, wala kwako. Nilikuwa humu chumbani kwangu na redio, napika chakula cha mtu mmoja. Nina upweke, na nimeona haya kuusema.

Tafadhali mpigie kaka simu. Mlinganishe niliyowaambia. Likizo inaanza wiki ijayo, nami nimechoka kudhaniwa niko ng'ambo.

Nikumbatie watoto, na shemeji mwambie asinicheke sana.

Ni mimi, kitindamimba wenu,
wenu wote wawili.